Amesikia? Maswali tunayoyaruka kabla ya kumlaumu mtazamaji

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa sanaa, waongozaji, waigizaji, walimu na wanafunzi wa sanaa za maonyesho mliofika hapa Dodoma: itifaki imezingatiwa. Nimeipita haraka kwa sababu itifaki ni moja ya mambo nitakayoyasemea leo, na sitaki inilie muda kabla sijaifikia.

Igizo likianguka, wa kwanza kulaumiwa ni mtazamaji. Watu hawajaelewa. Watu wamezoea vichekesho. Watu wa huku hawana mazoea ya tamthiliya. Kikao cha tathmini kinafungwa hapo, soda zinakwisha, na wiki inayofuata igizo lilelile linapelekwa kijiji kingine, linaanguka vilevile. Kuna swali halikuulizwa, na ni dogo mpaka linaonekana halina hadhi ya kikao: yule mama aliyekaa nyuma kabisa, alisikia? Aliuona uso wa mwigizaji? Alijua kwamba limekwisha? Sisi tunakimbilia kuuliza ameelewa nini. Mtu haelewi asichokisikia.

Tuanze na sikio, na tukae hapo kidogo.

Mwigizaji mzuri akipaza sauti bila kupiga kelele hutoa kama desibeli 70 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukimpima akiwa mita 1 mbele yako. Kwenye uwanja wa wazi, kila umbali unapokuwa mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Kwa hiyo mita 2 anasikika kwa 64, mita 4 kwa 58, mita 8 kwa 52, mita 16 kwa 46. Ongeza hapo barabara yenye bodaboda, watoto wanaogombania nafasi, na muuza barafu mwenye kengele yake. Kelele hiyo inapita 50 bila taabu. Mita 16 hapana igizo tena. Kuna watu wanaochezesha midomo. Na dawa yake si kumwambia mwigizaji "paza sauti". Akipanda desibeli 6 nyingine anaanza kupiga kelele, na kelele ina hisia moja tu: hasira. Bibi anayembembeleza mjukuu anasikika kama anamfukuza.

Ukumbi una matatizo ya aina nyingine. Chukua ukumbi wa kawaida wa mikutano, urefu mita 20, upana mita 12, kimo mita 5: sakafu ya vigae, kuta za plasta, madirisha ya vioo, dari ngumu. Ujazo wake ni mita za ujazo 1,200. Ukiwa mtupu, kuta hizo hunyonya sauti kidogo sana, na silabi moja inaweza kuzunguka humo karibu sekunde 5 kabla haijafa. Waingize watu 200 na miili yao na nguo zao vinanyonya sauti. Silabi ileile inaishi sekunde 1 na nusu. Maneno yanataka sekunde 1 hivi. Kwa maana hiyo ukumbi wa mazoezi na ukumbi wa onyesho ni vyumba viwili tofauti, hata kama mlango ni mmoja. Kikundi kinachofanya mazoezi wiki tatu katika ukumbi mtupu hujifunza kuburuta maneno ili yasigongane, halafu siku ya onyesho watu wanajaa, sauti inakauka, na igizo linaonekana limelala. Au kinyume chake: mmejiandaa kwa watu 200, wamekuja 40. Sasa sauti inaishi sekunde 3 na zaidi. Siku hiyo mwongozaji ana kazi mbili kabla ya kuanza: awahamishe watu wote waje mbele, na awaambie waigizaji wapunguze kasi na waache nafasi kati ya sentensi na sentensi.

Mablanketi mazito yenye mikunjo, yakining'inizwa sentimita 10 kutoka ukutani, yanasaidia kweli. Mita za mraba 40 za mablanketi hayo hunyonya sauti kama watu 40 walioketi. Kitenge chepesi kilichobanwa ukutani ni pambo tu, kisikudanganye.

Maiki ya mkono inayopitishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mama katikati ya ugomvi sitaizungumzia sana. Kila mmoja wetu ameiona. Mtazamaji huacha kuufuata ugomvi, akaanza kuifuata maiki. Kama maiki hazitoshi kila msemaji, afadhali kuwasogeza watu karibu na kutotumia hata moja.

Lakini kuna upotevu wa sauti usiotokana na umbali wala ukuta. Unatokana na lugha yenyewe, na waandishi wetu hawauangalii. Chukua maneno "atalipa" na "hatalipa". Moja ni ahadi, la pili ni kukataa. Kinachoyatenganisha ni h, pumzi tupu, sauti dhaifu mno, miongoni mwa za kwanza kufa njiani. Na wengi wetu, tuseme ukweli, tunaiacha mahali pake na kuiweka pasipo pake hata tukiwa tumekaa meza moja. Igizo lote linahusu deni, kilele chake ni mtu kusema "Hatalipa!", na nusu ya uwanja imesikia kwamba atalipa. Kisha tunashangaa kwa nini walipiga vigelegele.

Hiyo si kazi ya mwigizaji peke yake. Mwandishi asiliegemeze tukio kubwa kwenye h ya nafsi ya tatu umoja. Wingi una nafuu, kwa sababu "hawatalipa" ina silabi nzima zaidi ya "watalipa". Kwenye umoja, ongeza ukanushaji wa pili: "Hatalipa, wala hana mpango wa kulipa." Au badili kitenzi: "Amekataa kulipa." Hayo hata yakisikika nusu, bado maana inabaki.

Mkazo nao. Mkazo wa neno la Kiswahili umekaa silabi ya pili kutoka mwisho, haukuulizi unataka kusisitiza nini. Mwongozaji aliyesoma vitabu vya ng'ambo humwambia mwigizaji "likazie hilo neno", naye analigongea silabi ya kwanza kwa nguvu: "Mimi SIkumwambia." Sikio la Mswahili linasikia neno lililovunjika. Lugha hii husisitiza kwa mpangilio: "Si mimi niliyemwambia." "Mimi sikumwambia, mimi." "Kumwambia, sikumwambia." Kila moja ina shitaka lake. Tamthiliya iliyotafsiriwa bila kujua hili hubaki na sentensi bapa, na mwigizaji anajaza pengo kwa mikono. Ukiona mikono inarukaruka sana jukwaani, irudie karatasi. Mara nyingi kosa liko kwenye sentensi.

Sasa watu wanakaa wapi? Wengi tunaliachia hili fundi wa viti, na ndiye anayeamua nusu ya mapokezi. Tufanye hesabu. Watu 200 walioketi kwenye mikeka na mabenchi, kila mmoja nusu mita ya mraba, wanahitaji mita za mraba 100. Wapange nusu duara kuzunguka uwanja wa kuchezea wenye nusu kipenyo cha mita 4. Mtu wa mwisho yuko mita 9 kutoka katikati. Watu haohao wapange kwenye viti, safu nyuma ya safu, ukumbini wenye upana wa mita 10, na njia katikati: mtu wa mwisho yuko mita 19 au 20. Ni waigizaji walewale, gharama ileile, lakini mmoja anaona machozi na mwenzake anaona shati. Nusu duara si jambo geni kwetu. Kwenye ngoma watu huuzunguka uwanja; safu za viti tumezitoa darasani na mkutanoni.

Nusu duara ina bei yake, lakini. Kila wakati kuna mtu anayeuona mgongo wako. Wasemaji wawili wasisimame bega kwa bega wakitazama mbele kama wanapiga picha ya harusi. Wasimame mshazari, mmoja karibu na ukingo wa kushoto, mwingine nyuma kulia, wabadilishane nafasi kila baada ya sentensi chache. Na kofi la kuigiza linakufa hapo. Kofi hilo hutegemea mtazamaji wa mbele asiione nafasi kati ya kiganja na shavu. Aliyekaa ubavuni anaiona yote, na mlio wa kiganja ukichelewa hata kidogo, mama anayepigwa anakuwa kichekesho. Kwenye nusu duara usipige. Mlango ufungwe, isikike sahani ikianguka, kisha mtu atoke ameshika shavu.

Hapa ndipo itifaki inaporudi. Dodoma ni mji wa serikali, na maigizo mengi hapa huchezwa kwenye maadhimisho, semina, uzinduzi wa hiki na kile. Kuna hema la mgeni rasmi, meza kuu yenye maua na chupa za maji, na mbele yake uwanja. Waigizaji, kwa adabu, wanamgeukia mgeni rasmi. Wananchi waliosimama upande wa pili wa kamba, ambao ndio walioandikiwa igizo, wanaangalia migongo kwa dakika zote 10. Tusidanganyane kwamba tutaiondoa meza kuu. Mgeni rasmi ataketi hemani. Linalowezekana ni kuchezea pembeni ya hema badala ya mbele yake: mgeni anageuka kidogo, wananchi wanapata ubavu badala ya mgongo. Waandaaji wengi hukubali ukiwachorea ramani siku moja kabla. Asubuhi ya siku yenyewe hakuna anayekusikiliza.

Na dakika 10 mlizopewa zitakuwa 5, kwa kuwa hotuba zimezidi. Hilo linajulikana kama inavyojulikana kiangazi, lakini vikundi huandaa igizo lisilokatika, kisha wanakimbiza maneno ili yote yaenee. Afadhali liandikwe kwa vipande vitatu, cha kati kiweze kuondolewa bila kuacha jeraha. Kila mtu anayehitajika mwishoni awe ameonekana mwanzoni. Hakuna jina litakalotajwa mwishoni ambalo lilizaliwa kipande cha kati. Zoezini chezeni refu mara mbili na fupi mara mbili, na kiongozi wa kikundi awe na ishara moja, kama kilemba kuvuliwa, ya kuwaambia waliomo uwanjani kwamba leo ni fupi.

Jua na upepo. Kwa Dodoma upepo unaotawala hutoka mashariki na kusini mashariki, na kiangazi una nguvu. Sauti ikienda na upepo hupinda kuelekea ardhini, masikioni. Ikienda dhidi yake hupinda juu na kuwapita watu vichwani. Waigizaji basi wawe mashariki, watazamaji magharibi. Bahati nzuri jua la jioni linakubaliana na upepo: liko nyuma ya watazamaji, linawaangaza waigizaji usoni. Ukigeuza, umepoteza vyote viwili kwa pamoja. Watu wanakodoa macho dhidi ya jua na maneno yanarudi yalikotoka. Hasara ya mpango huu ni vumbi, ambalo nalo hupeperuka kwa watazamaji mguu wa kwanza wa ngoma ukikanyaga. Mwagieni maji uwanja nusu saa kabla, kwa ndoo yenye matundu, mara mbili nyepesi. Mkimwaga mara moja kwa wingi mnapata utelezi. Jenereta liwekwe magharibi kabisa, nyuma ya watu na mbali, upepo ulichukue na kelele zake.

Angalieni saa pia. Hapa jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza halikawii. Dakika 20 hivi baada ya hapo uso hausomeki. Igizo la dakika 50 lililopangwa kuanza saa 11 jioni likichelewa kwa saa moja na nusu, kilele chake kinachezwa gizani. Vikundi vingi hununua taa kutibu tatizo la ratiba.

Kama lazima taa, adui wa kwanza ni bango. Bango jeupe la mfadhili nyuma ya waigizaji, likimulikwa, hung'aa kuliko nyuso zetu, na jicho hujipima kwa kilicho cheupe zaidi. Nyuso zinakuwa vivuli vyeusi. Watazamaji wataisoma nembo ya mfadhili vizuri sana, wala hawataona kama mama analia. Bango liende pembeni au lishushwe kwenye meza, na nyuma ya waigizaji iwe kahawia iliyoiva au buluu nzito. Taa mbili za wati 50, moja kila upande, zikitoka mshazari mbele na kuinuka mita 3, zenye mwanga wa manjano, zinatosha uwanja mdogo. Kumbukeni tu kwamba taa ikisogezwa mara mbili ya umbali wake, mwanga unabaki robo, si nusu.

Nimesema kofi linachekesha. Niseme zaidi kuhusu kicheko, maana ndicho kinachotuumiza moyo. Watu wamecheka msibani, tunasema, hawana huruma. Kicheko kina vyanzo vingi, na vingi tumevitengeneza wenyewe. Kuna cha aibu, cha mtu anayeona jambo la nyumbani kwake likisemwa hadharani. Huyo amefikiwa, muacheni acheke. Kuna cha kumtambua jirani aliyevaa mvi za pamba. Hicho huisha chenyewe baada ya dakika chache, kwa hiyo jirani huyo asipewe habari nzito anapoingia kwa mara ya kwanza. Na kuna kicheko tulichokiomba, halafu tukakikanyaga: mwigizaji ametoa mzaha, watu wamelipuka, naye anaendelea na sentensi inayofuata, ambayo ndiyo inamtaja mwizi. Hakuna aliyeisikia. Kicheko hupanda, hufika juu, huanza kushuka. Mwigizaji aseme kikiwa kinashuka lakini hakijafa. Akisema mapema anamezwa. Akisubiri kiishe kabisa, uwanja umepoa. Na mwandishi ajiwekee kanuni: sentensi ya kwanza baada ya mzaha isibebe kitu chochote kinachohitajika mbele. Iwe "Haya, kaa basi." Mwizi atajwe ya pili yake.

Ngoma na nyimbo nazo hupokelewa kwa kumbukumbu. Muheme ni ngoma za wanawake wa Kigogo, na zimefungamana na jando na unyago. Mkiingiza muheme ili kuchangamsha watu kabla ya igizo la kilimo cha mtama, mgeni kutoka Dar es Salaam atafurahia mdundo. Mama wa Chamwino atakuwa anajiuliza ni mtoto wa nani anatolewa. Ameelewa vizuri kuliko nyinyi.

Kuna jambo la mwisho wa igizo ambalo hapa kwetu lina historia yake. Mathias Mnyampala, mshairi Mgogo aliyezaliwa Ihumwa, hapa karibu, mwaka 1917, ndiye jina linaloongozana na ngonjera. Ngonjera ni majibizano ya kishairi: pande mbili zinabishana, mmoja hajui au anapinga, mwenzake anamweleza, na mwishoni wanakubaliana. Shule zetu zimezichezesha ngonjera kwa miongo mingi. Sikio lililolelewa hivyo linajua kwamba shughuli imekwisha pale wawili wanapokubaliana. Sasa mlete tamthiliya ya leo inayokwisha kwa mwanamke kusimama kimya mlangoni, hajaamua kutoka wala kubaki. Hakuna pazia, hakuna taa ya kuzima, ni saa 11 jioni. Watu wanangoja. Hawajakataa mwisho wa wazi; hawajaambiwa kwamba ndio mwisho. Mshereheshaji naye anaona kimya kinamtia hofu, anarukia maiki: "Tuwapigie makofi ya kilo!" Na kile kimya mlichokijenga kwa saa nzima kimeuzwa kwa kilo.

Mwisho wa wazi unahitaji alama iliyofungwa. Mpiga zeze aliyeanza igizo arudie ule mstari wake wa kwanza, polepole, kisha aweke zeze chini. Au waigizaji wote waketi, kila mmoja pale alipo, na mwanamke abaki peke yake amesimama. Alama hiyo iwe imekwishaonekana mara moja au mbili katikati, baada ya kila kipande, ili mara ya tatu watu waitambue. Na mshereheshaji apewe neno mapema: asishike maiki mpaka mwanamke ametoka mlangoni kwa miguu yake.

Basi igizo limekwisha, na mnataka kujua limepokelewaje. Tafadhalini, acheni "Mmejifunza nini?" Hilo ni swali la darasani, na watu wetu wanajua kulijibu hata kama walikuwa wamelala: tumejifunza umuhimu wa elimu, tumejifunza kutunza mazingira. Wanawastahi. Ulizeni vitu vinavyoshikika. Mzee aliondoka na nini mkononi? Nani alisema uongo kwanza? Yule binti na yule mwenye kofia ni nani kwa nani? Ulipotazama kwingine, ulikuwa umefika wapi? Waulizeni watu 10, watano wa mbele na watano wa nyuma, kila mmoja peke yake, kabla hawajaongea wao kwa wao. Majibu ya mbele yakiwa sahihi, lakini ya nyuma yakiwa na makosa, tatizo ni sauti au macho. Wote wakikosea mahali pamoja, tatizo ni sentensi. Wote wakijua kila kitu na bado hawakulipenda, hapo ndipo mazungumzo kuhusu maudhui yanapoanza, na ni mazungumzo magumu, ya siku nyingine.

Mazoezini mnaweza kulipima mapema. Mkaribisheni mtu mmoja asiyeijua hadithi, akae mahali pa mtu wa mwisho, mpeni kalamu. Asiandike maoni, aandike maneno anayoyasikia katika sentensi 20 mlizozichagua, zile ambazo zikipotea hadithi inapotea. Mwongozaji naye ageuke, asikilize akiwa ameupa uwanja mgongo, maana yeye anaijua skripti na macho yake yanamdanganya kwamba anasikia. Karatasi ya yule mgeni apewe mwandishi kwanza, akae nayo usiku mmoja akiwa na kalamu nyekundu. Waigizaji waisome kesho yake.